Mbolea iliyomwagwa kwa ndege, na watu waliopewa mahema

Juzi tulikuwa kwenye bustani ya kikundi tukimwaga chokaa kwa mikono, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Mmoja wetu akauliza: kwa wenye mashamba makubwa hii kazi nani anaifanya? Na mbolea yenyewe inatokaga wapi? Basi tukaanza kusoma, tukafika mbali kuliko tulivyodhani.

Tulifika Nyuzilandi. Kule wafugaji wa kondoo walikuwa na milima ambayo udongo wake ulikuwa umechoka. Kwenye tambarare lori linapita na kumwaga chokaa na mbolea, mwenye shamba analipa. Lakini mlimani lori litapitaje? Mwaka 1948 jeshi la anga lilijaribu kumwaga mbolea kwa ndege ya vita. Mwaka 1949 ikawa biashara: marubani waliotoka vitani wakachukua vindege vidogo vya Tiger Moth, kiti cha mbele kikatolewa, pakawekwa kasha la mbolea. Rubani anapaa, anamwaga, anatua, anajaziwa tena, hivyo hivyo kutwa nzima. Milima ikawa kijani. Kazi nzuri kabisa, hatuibezi.

Ila mbolea ile, superfosfati, hutengenezwa kwa mawe ya fosfeti, na mawe mengi yalitoka visiwa viwili vya Pasifiki, Nauru na Banaba. Banaba ni kadogo, kilomita za mraba 6 hivi. Albert Ellis alipima jiwe lililokuwa likizuia mlango wa ofisi huko Sydney, akakuta ni fosfeti. Mwaka 1900 kampuni yake ikawawekea watu wa Banaba mkataba wa kuchimba: pauni 50 kwa mwaka, kwa miaka 999. Soma tena hiyo namba. Kuanzia 1920 wachimbaji wakawa ni serikali tatu kwa pamoja: Uingereza, Australia na Nyuzilandi.

Vita vilipofika, Wajapani waliwatawanya Wabanaba kwenye visiwa vingine. Vita vikaisha, wakaambiwa nyumba zao zimebomolewa, hawawezi kurudi. Desemba 1945 watu zaidi ya 1,000 wakashushwa kisiwa cha Rabi, Fiji, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka kwao. Walipewa mahema ya jeshi na chakula cha miezi miwili, tena msimu wa vimbunga. Na kisiwa chenyewe kilikuwa kimenunuliwa kwa pesa zao wenyewe za fosfeti! Hapo tulinyamaza kidogo. Hema na mgao tunavijua, hatuhitaji kuelezwa.

Huku nyuma uchimbaji ukaendelea mpaka 1979. Miaka ile ndege zinajifunza kumwaga mbolea, Wabanaba wanajifunza kulima na kuvua mahali pageni. Walishtaki London, kesi ikachukua siku zaidi ya 200. Mwaka 1976 jaji alikubali kwamba serikali ilikosea sana, lakini akasema kosa lile mahakama haiwezi kulilazimisha lilipwe. Kwa upande wetu tunaona hilo ni jibu la mtu aliyeshiba.

Kwao Banaba walikuwa na vijiji vinne: Tabwewa, Uma, Tabiang na Buakonikai. Walipojenga Rabi walijenga vinne pia, wakavipa majina yale yale. Na sisi hapa, njia ya kwenda bombani tumeiita jina la mto wa nyumbani.