Kiingereza cha Pasipoti

Niliwahi kuomba kazi ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini, kwenye zile shule za tuisheni waziitazo hagwon. Kumbe mlango ule una historia!

Mwaka 1886 Mfalme Gojong alifungua shule Seoul, akaleta vijana watatu wa Kimarekani wawafundishe watoto wa wakubwa. Mwaka 1980 serikali ya kijeshi ya Chun Doo-hwan ikapiga tuisheni marufuku, ati watoto wa matajiri wasiwapite wa maskini. Wapi! Watu walifundishana kwa kujificha. Mwaka 1997 Kiingereza kikawa lazima kuanzia darasa la tatu, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaifuta marufuku ile. Basi hagwon zikafurika.

Sasa mimi. Wakala aliisifu barua yangu, kisha akauliza pasipoti. Nikamwambia ya Kenya. Kimya. Viza ya kufundisha hagwon, E-2, ni ya raia wa nchi saba tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Na mimi nilivishwa kibao shingoni shuleni kwa kusema Kiswahili!

Yule Mmarekani niliyekuwa nikimsahihishia insha chuoni yuko Busan, anafundisha.