Simu imetoka kuflashiwa, masasisho hayaendi: angalia haya kabla ya kurudi kwa fundi

Simu ya Android ikishaflashiwa au kurudishwa katika hali ya kiwandani, programu zilizokuja nayo hurudi kwenye matoleo ya zamani. Ukiwasha intaneti, zote zinadai masasisho kwa pamoja. Zinapanga foleni, bando linakatika, nawe unadhani simu imeharibika. Mara nyingi haijaharibika. Tuangalie hatua kwa hatua.

Tarehe na saa. Simu ikionyesha tarehe ya miaka iliyopita, inaweza kukataa kuunganishwa na Play Store kwa sababu za usalama. Rekebisha hilo kwanza.

Mtandao. Ukiona herufi E juu ya kioo, uko kwenye 2G. Kwa kasi ya kilobiti 200 kwa sekunde, sasisho la MB 100 huchukua zaidi ya saa moja. Sogea penye 3G au 4G, au subiri usiku watumiaji wapungue.

Wi-Fi. Play Store ikiwa imewekwa isasishe kwa Wi-Fi tu, itasubiri hata kama una bando. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya mtandao. Tahadhari: ukiruhusu mtandao wowote, bando litaliwa haraka. Kama bando ni dogo, simamisha foleni yote, usasishe moja moja, ukianza na programu ya pesa na WhatsApp.

Nafasi na chaji. Futa video usizozihitaji, kisha chomeka chaja. Simu nyingi hazianzi kusakinisha mfumo chaji ikiwa ndogo.

Tangu Android 7 ya mwaka 2016, simu nyingi husakinisha mfumo chinichini huku ukiendelea kuzitumia. Kazi hiyo huenda polepole, lakini inaendelea. Usiizime simu katikati.

Jambo la mwisho, na ndilo zito: usikubali faili la "sasisho" unalotumiwa WhatsApp au kwa ujumbe mfupi, hata likitoka kwa mtu unayemfahamu. Programu ya wizi inaweza kusoma jumbe zako na kufungua njia ya kuibiwa pesa za simu. Sasisho la mfumo lichukue ndani ya Mipangilio, na la programu ndani ya Play Store. Kusubiri hadi kesho ni nafuu kuliko kupoteza akiba ya mavuno.