Maradhi ya sakafu ya nyonga kwa wanawake

Maradhi ya sakafu ya nyonga ni matatizo yanayompata mwanamke pale misuli na kano zinazoshikilia kibofu, kizazi na utumbo zinapolegea au kuchanika. Makuu ni mkojo au haja kubwa kutoka bila kujizuia, na kizazi kushuka. Fistula ya uzazi, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, hutajwa pamoja nayo, kwani nayo huanzia katika uzazi.

Suala la rangi

Utafiti wa Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2008, uliwakuta asilimia 33.1 ya wanawake weupe wakivujwa na mkojo, na asilimia 14.6 tu ya weusi. Tafiti nyingine za huko zilionyesha kuwa weusi hushukwa na kizazi mara chache zaidi. Hata hivyo, si sahihi kudhani kwamba Mwafrika ana kinga ya kuzaliwa nayo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliochapishwa 2018 ulibaini viungo vya nyonga vilivyoshuka kwa daraja la pili au zaidi kwa asilimia 64.6 ya wanawake wa vijijini waliopimwa. Yaliyoambatana na hali hiyo ni umri, kilimo, kuzaa mara nyingi, kujifungulia nyumbani na kubeba mizigo mizito kwa saa nyingi.

Fistula nayo haina rangi. Mwaka 1855 hata mjini New York ilifunguliwa hospitali ya wanawake iliyotibu ugonjwa huo. Mwanzilishi wa hospitali hiyo, daktari J. Marion Sims, aliubuni upasuaji wake wa fistula huko Alabama kati ya 1845 na 1849 kwa kuwapasua tena na tena wanawake weusi watumwa, bila dawa ya usingizi. Watatu wanajulikana kwa majina: Anarcha, Betsey na Lucy. Uzazi salama ulipoenea, fistula ya uzazi ilikaribia kutoweka katika nchi tajiri.

Mwanza na Kanda ya Ziwa

Ukerewe, iliyo visiwani katika Ziwa Victoria, ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizochunguzwa na shirika la Women's Dignity Project katika ripoti yake ya 2006 kuhusu fistula nchini Tanzania. Mama wa kisiwani mwenye uchungu pingamizi, yaani mtoto akikwama njiani, huweza kulazimika kuvuka ziwa ili afike Mwanza, na kila saa inayopita kichwa cha mtoto huzidi kubana nyama za uke na kibofu mpaka zinakufa. Wengi hupoteza mtoto, kisha hutengwa kwa sababu ya harufu. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa 1971, ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda na kwa miaka mingi imekuwa ikiziba fistula.

Tiba na kinga

Fistula ndogo iliyogunduliwa mapema yaweza kujifunga mgonjwa akiwekewa mpira wa mkojo. Nyingine huhitaji upasuaji. Kizazi kilichoshuka hutibiwa kwa mazoezi ya misuli, pete ya ukeni au upasuaji. Kinga iliyo kuu ni mkunga mwenye ujuzi, usafiri wa dharura na upasuaji wa kujifungua unaopatikana kwa wakati, hata visiwani.