Hatari Tatu za Henry Mancini

Mwaka 1962 kampuni ya RCA Victor ya Marekani iliingiza sokoni santuri yenye jina ambalo mtu wa Tanga, wa Mombasa au wa Bukavu hakuhitaji kutafsiriwa: Hatari! Ilikuwa albamu ya muziki wa filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Howard Hawks na kuchezwa na John Wayne. Filamu inahusu kundi la wageni wanaokamata wanyama wa porini ili wauzwe kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Sehemu kubwa ya picha zake ilipigwa Tanganyika, katika maeneo ya Arusha na Momella, mwishoni mwa 1960 na miezi ya mwanzo ya 1961. Muziki ulitungwa na Henry Mancini.

Mimi nakusanya albamu za Mancini. Ninasoma shahada ya uzamili katika historia, na marafiki zangu huniuliza mtu wa rika letu, mwenye simu inayobeba nyimbo za dunia nzima, anataka nini kwenye santuri za mtunzi aliyefariki mwaka 1994. Jibu la kwanza ni kwamba nazipenda. Mancini alijua kutunga sauti inayokaa kichwani bila kukuchosha, na alijua kuiachia ala moja nafasi ya kupumua wakati watunzi wenzake wangejaza zeze arobaini. Jibu la pili linahusu kazi yangu ya shule. Nilipoanza kuzilinganisha albamu hizi na filamu zenyewe, niligundua kwamba haziko sawa. Mwanafunzi wa historia akishaona maandishi mawili ya tukio moja yanatofautiana, hawezi tena kulala.

Tuanze na mtu mwenyewe. Mancini alizaliwa Cleveland, Ohio, mwaka 1924, akakulia West Aliquippa, Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma. Baba yake, mhamiaji kutoka Italia, alikuwa kibarua wa kiwanda hicho na ndiye aliyemfundisha mwanawe kupiga filimbi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kijana alijiunga na bendi ya Glenn Miller iliyokuwa ikiendelezwa na Tex Beneke, kisha mwaka 1952 akaajiriwa na studio za Universal. Huko alifanya kazi ya kibarua wa muziki kwa miaka sita: leo filamu ya zimwi, kesho ya vichekesho, mara nyingi bila jina lake kuandikwa kwenye kiwambo. Studio ilipopunguza wafanyakazi, alibaki bila ajira. Muda mfupi baadaye mwongozaji Blake Edwards alimpa kazi ya tamthilia ya televisheni ya upelelezi, Peter Gunn, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1958.

Hapo ndipo historia ya albamu za filamu ilipopinda. Albamu za aina hii zilikuwepo kabla. Mwaka 1938 nyimbo za filamu ya katuni ya Snow White ziliuzwa kwenye santuri za zamani zile nzito. Mwaka 1942 Miklós Rózsa alirekodi muziki wake wa Jungle Book, na kwa kuwa wauzaji hawakuamini kwamba watu wangesikiliza okestra ya filamu peke yake, mwigizaji Sabu aliwekwa kusimulia hadithi juu ya muziki. Hata baada ya 1948, santuri za muda mrefu zilipokuja, muziki wa filamu uliendelea kuuzwa kama kumbukumbu ya filamu, kitu cha kumfariji aliyekwisha kuiona. Albamu ya Mancini, The Music from Peter Gunn, ilikuwa ya jazi, na ilinunuliwa hata na watu wasiojali kipindi chenyewe. Ilifika namba moja Marekani, na mwaka 1959, tuzo za Grammy zilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, ndiyo iliyopewa tuzo ya Albamu ya Mwaka.

Ushindi huo ulimfundisha Mancini na RCA kanuni waliyoifuata kwa miaka mingi. Muziki wa filamu huandikwa kufuata picha: sekunde kumi na nane mlango unapofunguliwa, dakika moja na nusu gari linapokimbizwa. Ukiuweka hivyohivyo kwenye santuri, unapata vipande vilivyokatika katikati. Kwa hiyo Mancini alirudi studio na kurekodi upya. Alichukua sauti kuu, akazipa mwanzo na mwisho, akazipanga ziwe na urefu wa dakika mbili au tatu, nyingine za kuchezeka sebuleni. Kulikuwa na sababu ya fedha pia. Makubaliano ya chama cha wanamuziki wa Marekani yalitaka wapigaji walipwe tena iwapo rekodi ya filamu ingegeuzwa santuri, na mara nyingi ilikuwa nafuu kukodi bendi na kuanza upya kuliko kuilipa okestra nzima mara ya pili.

Ndiyo maana kuna Hatari zaidi ya moja.

Hatari ya kwanza ni ile iliyomo kwenye filamu. Mancini alisimulia katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1989 na kuitwa Did They Mention the Music?, kwamba Hawks alirudi kutoka Afrika na ala za huku, zikiwemo malimba, zile za vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na vibuyu vya kuchezeshwa, pamoja na kanda za nyimbo za Wamasai. Mtunzi alizitumia. Sikiliza filamu wakati magari yanamfukuza kifaru: chini ya ngurumo za injini kuna ngoma na vibuyu, na mara nyingine muziki unanyamaza kabisa, vumbi na pumzi za mnyama vikachukua nafasi. Ni muziki wa mtu anayejua lini anyamaze.

Hatari ya pili ni albamu ya 1962. Kipande kiitwacho The Sounds of Hatari, chenye zaidi ya dakika sita, kinakusanya ngoma hizo mahali pamoja na kuzifanya safari kamili. Kisha vinakuja vipande vya bendi kubwa na vya kustarehe, kimoja kikiitwa Big Band Bwana. Na kipo Baby Elephant Walk, matembezi ya watoto wa tembo, ambacho labda umekisikia kwenye matangazo na katuni bila kujua kilikotoka. Katika filamu, mwigizaji Elsa Martinelli anawapeleka watoto wa tembo majini. Hawks alikuwa na shaka kama kuna haja ya kuliacha onyesho hilo, kwa kuwa halikusukuma hadithi mbele. Mancini aliwatazama tembo wanavyotembea, akaona mapigo manane kwa kila hatua, yaani bugi la Marekani la ujana wake. Akaweka klarineti ya sauti nyembamba na kinanda cha sarakasi. Onyesho likabaki, na upangaji wa kipande hicho ukampa tuzo ya Grammy.

Hapa ndipo mkusanyaji na mwanahistoria ndani yangu huanza kubishana. Mkusanyaji anasema ni kipande kizuri, na ni kweli. Mwanahistoria anauliza Tanganyika iko wapi. Wakati kamera za Hawks ziko Arusha, Julius Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi. Mei 1961 akawa Waziri Mkuu, na Desemba 9 mwaka huo bendera ya Uingereza ikashushwa. Septemba 1961, katika mkutano uliofanyika hukohuko Arusha, Nyerere alitoa tamko kwamba serikali yake italinda wanyamapori kama dhamana kwa vizazi vijavyo. Filamu ilipoanza kuonyeshwa mwaka 1962 nchi ilikuwa huru tayari, lakini kwenye filamu bado ni uwanja wa mchezo wa wageni, na Waafrika ni madereva na watumishi. Kwenye albamu hata hao hawapo. Wamebaki neno "hatari", neno "bwana" na malimba isiyo na mpigaji wala kijiji.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kusema wametuibia na kufunga jalada. Ila historia ya muziki wetu hainiruhusu. Katika miaka hiyohiyo, Morogoro, Salum Abdallah alikuwa akiongoza bendi aliyoiita Cuban Marimba. Yeye na wenzake walijifunza mapigo ya Kuba kutoka kwenye santuri zilizoletwa Afrika na kampuni ya HMV, zile zilizojulikana kwa herufi GV. Hawakuomba ruhusa Havana. Walisikiliza, wakachukua, wakaimba Kiswahili juu yake, na tukapata moja ya hazina za dansi ya Tanzania. Kama kuchukua sauti ya mbali na kuigeuza yako ni kosa, basi na sisi tuna kesi ya kujibu.

Kwa hiyo tofauti haiko kwenye kuazima. Naiona kwenye kile kinachofuata baada ya kuazima: nani ameandikwa jina, nani amelipwa, na kanda imehifadhiwa na nani. Mancini aliandikwa, akalipwa, na kanda zake zikawekwa kwenye ghala la studio. Mpigaji wa malimba ambaye ala yake ilisafirishwa kwenda California, na waimbaji wa Kimasai walionaswa kwenye kinasa sauti, wameingia katika historia ya muziki wa filamu kama mizigo ya bwana Hawks.

Hata hivyo ghala la studio si mahali salama kama linavyodhaniwa. Karibu na mwaka 1970, kampuni ya MGM ilizitupa nota za okestra za filamu zake ili kupata nafasi. Miaka mingi baadaye, wanamuziki waliotaka kupiga tena muziki ule walilazimika kukaa na kuunakili kwa sikio, nota baada ya nota, kutoka kwenye filamu. Kilichookoa sehemu kubwa ya muziki uliobaki wa Hollywood ni ung'ang'anizi wa wakusanyaji. Walizoea kuonekana wendawazimu, watu wazima wanaogombana juu ya dakika mbili ambazo hazimo kwenye albamu. Lakini walikuwa tayari kununua, na utayari wao ukazaa kampuni ndogondogo ambazo kazi yake ni kubisha hodi kwenye maghala ya studio, kutafuta kanda, kuzisafisha na kuzitoa pamoja na kijitabu cha maelezo.

Moja ya kampuni hizo, Intrada ya California, ndiyo iliyotuletea Hatari ya tatu. Takriban nusu karne baada ya filamu, ilitoa rekodi zenyewe zilizotumika kwenye filamu, zile ambazo albamu ya 1962 haikuwa nazo. Ukizisikiliza, unamkuta Mancini mwingine: mtu wa giza na wasiwasi, anayeacha ngoma moja ipige peke yake kwa muda mrefu kuliko RCA ingevyothubutu. Vivyo hivyo kwa Breakfast at Tiffany's ya 1961. Albamu ya wakati ule haikuwa hata na sauti ya Audrey Hepburn akiimba dirishani, na filamu ile ndiyo iliyompa Mancini Oscar mbili usiku mmoja. Vizazi viwili vilimhukumu kuwa mtunzi wa muziki mwepesi kwa sababu albamu alizozitengeneza mwenyewe zilificha nusu ya kazi yake.

Mimi ninazo Hatari zote tatu. Santuri ya 1962 niliinunua Nairobi kwa muuzaji wa santuri zilizotumika, jalada limechanika pembeni. Nazisikiliza kwa mpangilio: kwanza filamu, kisha santuri, kisha kanda za Intrada. Nakushauri ujaribu hivyo na albamu yoyote ya filamu unayoipenda. Jiulize ni rekodi ya filamu au imerekodiwa upya. Angalia kipi kimeongezwa na kipi kimeachwa, kisha utafute nani alinufaika na uamuzi huo. Maswali hayohayo tunayouliza mbele ya barua ya gavana wa kikoloni yanafaa mbele ya kinanda cha sarakasi.

Na yanafaa nyumbani zaidi. Baada ya Uhuru hatukuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilizopelekwa kuchapwa Nairobi zilikuwa sehemu tu. Nyingine nyingi zilibaki kwenye kanda za redio, ambazo sasa ziko chini ya TBC. Kanda haijali ni ya nani. Joto na unyevu vinaila ya Dar es Salaam kama vinavyoila ya Los Angeles, pengine kwa kasi zaidi. Kilichomwokoa Mancini ni kundi la watu wa kawaida waliokuwa tayari kulipia kitu kidogo na kudai jina la kila mpigaji liandikwe. Wasomaji wengi wa ukurasa huu tunazijua nyimbo za enzi ile kupitia nakala za intaneti zenye mikwaruzo, hazina mwaka, hazina jina la mpiga gita.

Utafiti wangu wa shahada unaanza na kanda za namna hiyo: bendi moja, miaka michache, majina ya wapigaji mmoja mmoja. Ni kazi ya polepole, na baadhi ya watu ninaotaka kuwahoji wamevuka miaka themanini. Albamu za Mancini nimeziweka kwenye rafu iliyo juu ya meza ninapoandikia.