Majani ya Bustanini na Meza ya Chakula: Tulikotoka



Ndugu wasomaji, kina mama wengi huuliza swali moja kila wageni wanapokaribia: je, kuweka majani na maua katikati ya meza ya chakula si kuwaiga watu wengine? Hukumu yake tuwaachie masheikh. Leo tutazame historia tu, maana jambo hili ni letu kuliko wengi tunavyodhani, na lina upande wake mchungu pia.

Rehani imetajwa katika Qur-an mara mbili, katika Surat Ar-Rahmaan na Surat Al-Waaqi'ah. Na imepokewa katika Sahih Muslim kuwa Mtume (s.a.w.) alituelekeza kwamba anayepewa rehani asiikatae, kwani kuibeba si mzigo na harufu yake ni nzuri. Basi jani lenye harufu limekuwa zawadi miongoni mwa Waislamu tangu zama hizo.

Walioikuza sana desturi hii ni Waturuki wa dola ya Uthmaniya. Balozi mmoja kutoka Ulaya, Ogier Ghiselin de Busbecq, aliyefika Istanbul katika miaka ya 1550, aliandika kwa mshangao kuwa watu hawa, wenye mkono mzito katika matumizi mengine, hawakuona tabu kulipia ua zuri. Chakula chao kiliwekwa juu ya sinia kubwa la duara (wao huliita sini, asili ya neno ni moja na letu), watu wakalizunguka wakiwa wamekaa chini, na sahani ya pamoja ikawa katikati. Kwa hiyo maua yalipata nafasi yake ukutani, katika vishubaka vilivyojengwa kwa ajili hiyo. Aliyewahi kuingia nyumba za kale za Lamu atakumbuka zidaka.

Mfano mzuri zaidi umebaki hadi leo katika jumba la Topkapi, ambalo ni makumbusho tangu 1924. Mwaka 1705 Sultan Ahmed III alijengewa humo chumba kidogo cha kulia, na kuta zake za mbao zikachorwa kuanzia chini hadi juu vyombo vya maua na mabakuli ya matunda. Anayekaa humo anazungukwa na bustani hata wakati wa baridi.

Hapa niseme kuhusu majira. Sisi tukisema vuli tunafikiria mvua. Kule Istanbul miezi hiyo, Septemba hadi Novemba, ndipo miti inapopukutisha. Rangi ya kijani inavunjika ndani ya jani, na manjano iliyokuwa imefichika inaonekana. Mzabibu unageuka, makomamanga yanaiva. Pambo la msimu huo linaokotwa chini ya mti, bure.

Lakini anasa ikaingia. Kuanzia 1718, Ibrahim Pasha, mkwe wa Sultan, alipokuwa waziri mkuu, wakubwa walishindana kwa maua ya tulipu. Bei ya vitunguu vyake ilipanda hata serikali ikalazimika kupanga bei rasmi. Inasimuliwa kuwa katika karamu za usiku kasa walitembezwa bustanini wakiwa na mishumaa mgongoni. Huku nje, vita na Uajemi vilikwenda vibaya na kodi ziliwaelemea watu. Mnamo tarehe 28 Septemba 1730, vuli hiyo hiyo ya majani, Patrona Halil, muuza nguo kuukuu, aliongoza uasi. Ibrahim Pasha aliuawa, Ahmed III akavuliwa usultani, na umati ukavunja majumba ya starehe ya Kâğıthane. Si haki kuyatwika maua lawama yote. Hata jina "Enzi ya Tulipu" lilienea mwanzoni mwa karne ya 20 tu. Ila mwenye njaa anayepita nje ya ukuta huziona taa za ndani.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Maua ya plastiki yanauzwa ghali madukani, na uani kuna majani. Sisi tunao mti unaofanya kama ile ya Istanbul: mkungu. Majani yake huwa mekundu kabla ya kuanguka. Watumeni watoto wakaokote yaliyo safi, wayapanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha yatandazwe kwenye sahani pana yakipishana. Juu yake wekeni makomamanga mawili matatu au ndimu, na pembeni kikombe cha maji chenye vijiti vya rehani na mchaichai. Vijiti vikatwe asubuhi, majani yatakayozama yaondolewe, na maji yabadilishwe kila siku. Msitumie mnyaa, maziwa yake hudhuru macho. Pambo liwe fupi, lisipite urefu wa bilauri, ili anayekula amwone mwenzake aliye upande wa pili.

Mkungu uliokauka mpeni mbuzi au upelekwe shimo la mbolea. Na makomamanga yasiachwe mpaka yakanyauka: wageni wakishaondoka, yamenyeni muwagawie watoto walioyaokota majani.