Duka la kijiji Tandahimba na mpinzani wake wa kwanza

Supamaketi zenye matawi hazijawahi kupanda uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ilipo Tandahimba. Shoprite ya Afrika Kusini iliishia Dar es Salaam na Arusha, ikaiuzia Nakumatt ya Kenya shughuli zake mwaka 2014, na haikuchukua miaka mingi Nakumatt nayo ikafilisika. Uchumi ilikuwa imeshafunga milango nchini mwaka 2015. Habari hizo Tandahimba zilisikika redioni tu.

Hata hivyo, miaka mingi kabla ya hapo duka la ushirika la uwanda huu lilikutana na mtandao mkubwa wa biashara, na mwenye mtandao huo alikuwa serikali.

Wazo la duka la ushirika lilipata nguvu mara baada ya uhuru. Mwaka 1962 iliundwa COSATA, chombo cha kuyapatia maduka ya ushirika bidhaa za jumla ili mkulima asimtegemee mfanyabiashara wa Kiasia kwa kila kipande cha sabuni. Mtaji ulikuwa mdogo, na wasimamizi wengi walikuwa hawajawahi kushika daftari la duka. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, biashara ya jumla ilikabidhiwa Shirika la Biashara la Taifa, STC. Miaka michache baadaye STC ikavunjwa, na kila mkoa ukapewa kampuni yake, RTC. Kuanzia hapo, sukari, chumvi, mafuta ya taa na khanga za Newala na Tandahimba zilisubiri uamuzi wa ofisi ya Mtwara.

Ukiyajua mazingira ya uwanda wenyewe utaelewa uzito wa jambo hili. Juu kule hakuna mito. Kwa vizazi vingi watu waliteremka mabondeni kuteka maji, au walikinga ya mvua. Barabara zilikuwa za mchanga. Kwenda Dar es Salaam kwa gari kulihitaji kuvuka Rufiji kwa kivuko, na masika kusini yote ilikatika, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Mwenye lori ndiye aliyeamua nani atakula nini.

Mwaka 1976 mambo mawili yaliingia kwa pamoja. Waziri Mkuu Rashidi Kawawa, mwana wa kusini mwenyewe, alisukuma Operesheni Maduka: maduka ya watu binafsi yafungwe, duka la kijiji lishike nafasi. Mwezi Mei mwaka huohuo vyama vya ushirika vikafutwa, na kijiji kilichoandikishwa kwa sheria ya 1975 kikaambiwa chenyewe ndicho ushirika. Operesheni ilisimamishwa baada ya miezi michache kwa sababu bidhaa zilikuwa zinatoweka, lakini maduka mengi yalikuwa yameshafungwa, na mwenye mtaji aliyekwishatishwa harudi kwa tangazo.

Kwenye karatasi, duka la kijiji lilikuwa la wanakijiji. Ila hawakuchagua liuze nini, kwa bei gani, wala lori lije lini. Mgao ukifika, foleni. Usipofika, rafu tupu na katibu wa kijiji ndiye wa kulaumiwa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikausha hazina ya fedha za kigeni, na hata unga ukawa wa msaada, ule wa njano ambao Watanzania waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya klabu hiyo ya soka. Naamini hapa ndipo sifa mbaya inayoliandama duka la ushirika mpaka leo ilipozaliwa, na haikuwa haki. Lile halikuwa duka ambalo wanachama wenyewe wana mtaji, wananunua wanakotaka na kumfukuza msimamizi mwizi.

Korosho nayo ilikuwa inakufa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000. Kufika 1986/87 zilikuwa chini ya 20,000. Watu walihamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, bei ilibanwa, na ugonjwa wa ubwiriunga ukaingia mashambani. Yapo na mengine yasiyotajwa sana: kwa nini mtu aokote korosho juani ili apate noti, wakati dukani hakuna cha kununua?

Mwaka 1984 milango ya biashara ilianza kufunguliwa. Wenye maduka binafsi walirudi, RTC zikadhoofika, na duka la kijiji likafa bila tangazo. Miaka ya tisini wanunuzi binafsi waliruhusiwa kwenye korosho, na mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza Mtwara msimu wa 2007/08, uliurudishia ushirika, uliokuwa umefufuliwa, zao hilo. Leo AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, zinakusanya korosho, na TANECU, chama kikuu cha Tandahimba na Newala, kinaziuza mnadani.

Biashara ya chakula haikurudi kwa ushirika, na kangomba, biashara ya korosho isiyo rasmi, imeingia kwenye pengo hilo. Februari mahindi yakiwa mabichi, familia huchukua debe la nafaka au fedha kwa mwenye uwezo, na kuahidi korosho za Oktoba kwa bei ya kutupa. Mwaka 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala walikataa bei za mnada. Novemba Rais Magufuli akaagiza serikali inunue korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo na jeshi lizibebe, na wakaguzi wakapita kuuliza wakulima mashamba yao yako wapi. Wanunuzi wengi wa kangomba walinaswa. Njaa ya Februari iliyowapa wateja haikukaguliwa.

Sasa lami kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi inajengwa, na mfanyabiashara mkubwa atakuja akiona faida. Ushirika unaweza kumtangulia bila kusubiri msaada. Maghala ya AMCOS hukaa na nafasi korosho zikishauzwa. Mahindi yanaweza kununuliwa Juni kwa bei ya mavuno na kuhifadhiwa humo, mwanachama akakopeshwa Februari, na deni likakatwa kwenye mauzo ya Oktoba kama makato mengine yanavyokatwa.