Kufunga Reki ya Usukani Katika Magari ya Zamani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuagiza Seti

Seti za kubadilisha usukani wa magari ya zamani kutoka mfumo wa boksi kwenda mfumo wa reki zinauzwa Marekani, Uingereza na Australia, na mwenye gari aliyeko Nairobi, Arusha au Bujumbura anaweza kuagiza bila kuondoka dukani kwake. Matangazo huahidi kwamba kazi ni ya kufungua bolti na kufunga bolti. Bolti kweli hufungwa. Tatizo huanza gari linapopita kwenye shimo la kwanza.

Tofauti ya mifumo hiyo miwili

Katika mfumo wa boksi, shafti ya usukani huzungusha gia yenye umbo la skrubu iliyo ndani ya boksi. Gia hiyo husukuma mkono wa boksi, mkono husukuma fimbo ya kati, na fimbo ya kati huvuta tairodi zinazogeuza magurudumu. Upande wa pili wa gari kuna mkono mwingine ulioshikwa kwenye chesi, ambao kazi yake ni kuibeba fimbo ya kati isiyumbe. Kwa hiyo kati ya mikono ya dereva na tairi kuna viungo vingi, na kila kiungo kikilika kidogo, usukani hucheza sana.

Mfumo wa reki ni mfupi zaidi. Pinioni iliyo mwishoni mwa shafti huuma meno ya fimbo moja, ambayo ndiyo reki yenyewe, nayo huenda kushoto na kulia ikivuta tairodi. Viungo ni vichache na uchezi hupungua.

Si sahihi, hata hivyo, kudhani kwamba reki ni ya magari ya kisasa na boksi ni la magari ya kizamani. Morris Minor ilitoka kiwandani na reki tangu mwaka 1948. Peugeot 404 nayo ilikuwa na reki, na ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968 katika barabara za vumbi na tope za Afrika Mashariki. Volkswagen Beetle, ambayo ilikuwa na boksi, ilishinda barabara hizo hizo mwaka 1954, 1957 na 1962. Mifumo yote miwili ilihimili, kwa sababu kila mmoja ulipangwa na kiwanda pamoja na sasipensheni ya gari lake. Seti ya kununua haina faida hiyo. Inaletwa kwenye sasipensheni iliyopangwa kwa ajili ya kitu kingine.

Kwanza kagua kilichopo

Wengi wanaotaka reki wanalalamikia usukani unaocheza. Mara nyingi dawa yake ni rahisi kuliko seti. Mtu mmoja akae ndani na kuutikisa usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, mwingine alale chini ya gari aangalie kiungo kimoja baada ya kingine. Tairodi endi zilizolika, bushi za mkono wa kubeba fimbo, bolti za boksi zilizolegea kwenye chesi na hata bushi za mikono ya sasipensheni huonekana hapo hapo. Boksi lenyewe lina skrubu ya kupunguza uchezi, lakini isikazwe kupita kiasi, kwani usukani utakuwa mgumu na hautarudi wenyewe baada ya kona.

Seti za reki kwa gari kama Ford Mustang zimekuwa zikiuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 za Marekani kabla ya nauli na ushuru. Kwa fedha hizo, boksi linaweza kufanyiwa matengenezo kamili na viungo vyote kubadilishwa, na chenji ikabaki. Anayetaka usukani mwepesi naye atafakari. Reki isiyo na pawa huwa na mizunguko michache kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo usukani unavyokuwa mzito gari linapoegeshwa.

Gari kujigeuza kwenye mashimo

Hili ndilo jambo ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa kuliko yote. Gurudumu la mbele linapopanda na kushuka, mkono wa sasipensheni huchora tao, na tairodi nayo huchora tao lake. Matao hayo yakifuatana, gurudumu hubaki limeelekea mbele. Yasipofuatana, gurudumu hugeuka kidogo kila linapopanda au kushuka, hata kama dereva ameshika usukani bila kuusogeza. Kwenye lami laini mtu anaweza asigundue. Kwenye barabara yenye mawimbi ya vumbi, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari huanza kutafuta njia yake lenyewe.

Kwa sababu hiyo, urefu wa tairodi, mahali kiungo chake cha ndani kilipo, na kimo cha reki kutoka chini si mambo ya kubahatisha. Sentimita moja ya kosa inatosha kuharibu kazi yote. Baadhi ya seti hutumia reki ambazo tairodi hufungwa katikati badala ya kwenye ncha, kama ile ya Chevrolet Cavalier ya miaka ya 1980, ili tairodi ziwe ndefu na zikaribie urefu unaotakiwa na gari husika.

Kipimo chake hakihitaji mashine ya gharama. Baada ya kufunga reki, springi za mbele hutolewa, usukani hufungwa usizunguke, kisha gurudumu hupandishwa kwa jeki sentimita mbili na nusu kwa kila hatua, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa. Kila hatua hupimwa kama sehemu ya mbele ya gurudumu imeingia ndani au imetoka nje. Fundi asiyekubali kufanya kipimo hiki asipewe kazi.

Magari ambayo hayafai

Wasafirishaji wenye Land Rover za Series, Land Cruiser FJ40 au malori ya zamani wasiagize seti hizi. Magari hayo yana ekseli moja nzima mbele, juu ya springi za bapa. Ekseli hupanda na kushuka yote kwa pamoja huku reki ikiwa imefungwa kwenye chesi, na matao hayawezi kukubaliana. Kwa FJ40, njia inayojulikana ni kufunga boksi la pawa kutoka Land Cruiser ya miaka ya baadaye. Mfumo unabaki wa boksi na nguvu ya mikono inapungua.

Upande wa usukani

Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Seti nyingi za magari ya Kimarekani zimetengenezwa kwa usukani wa kushoto. Za usukani wa kulia hupatikana zaidi Australia, ambako magari mengi ya Kimarekani yaligeuzwa upande. Mfanyabiashara anayeagiza kwa wateja wa pande zote mbili za mpaka aandike upande kwenye oda, pamoja na mwaka wa gari, aina ya injini na ekzosi. Sampu ya injini ya V8 inaweza kugusa reki hata kama picha ya tangazo inaonyesha nafasi ya kutosha.

Wapo wanaojaribu kuigeuza reki juu chini ili pinioni ihamie upande wa pili. Matokeo yake usukani ukikatwa kulia magurudumu huenda kushoto.

Shafti na viungo vyake

Katika Mustang za mwaka 1965 na 1966, shafti ya usukani ni chuma kimoja kirefu kinachotoka kwenye boksi hadi kifuani mwa dereva. Seti hulazimu shafti hiyo ikatwe au ibadilishwe, na hapo reki ina faida ya kweli, kwa kuwa mnunuzi anaweza kuweka shafti inayojikunja gari likigongwa. Viungo vya msalaba vinavyounganisha shafti na pinioni visipinde zaidi ya nyuzi 30 kwa kila kimoja. Vikiwa vitatu, lazima kuwe na beringi ya kushikilia katikati. Kuchomelea shafti, tairodi au mikono ya magurudumu gereji ya mtaani ni jambo lisilokubalika hata kidogo.

Nyaraka

Kwa forodha, usukani, shafti na boksi za usukani pamoja na sehemu zake huingia katika kifungu cha 8708.94. Seti iliyoandikwa kwenye ankara kama “vipuri mbalimbali” huchelewa mpakani, hasa ikiwa na pampu na mabomba ya pawa ndani ya kasha moja.

Wanaonunua au kuuza magari ya zamani Uingereza wana la ziada. Huko, magari mengi yaliyopita miaka 40 yamesamehewa ukaguzi wa kila mwaka tangu Mei 2018, mradi hayajafanyiwa mabadiliko makubwa katika miaka 30 iliyopita, na kubadili aina ya usukani kunaweza kuhesabiwa kuwa badiliko kubwa. Thamani nayo huguswa, kwani wakusanyaji wengi hulipa zaidi kwa gari lililobaki kama lilivyotoka kiwandani. Boksi la zamani, mikono yake na bolti zake zihifadhiwe ziuzwe pamoja na gari. Kampuni ya bima iarifiwe kwa maandishi.

Baada ya kufunga

Magurudumu yakatwe mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa juu na tena likiwa chini, kuona kama tairi au mabomba ya breki yanaguswa. Eneo la kugeuzia hupimwa pia, kwa sababu reki nyingi za seti zina mwendo mfupi na gari lililokuwa likigeuka mara moja barabarani sasa litahitaji kurudi nyuma. Alaimenti ifanywe kabla ya safari. Baada ya kilomita 500 bolti zote zikazwe upya, na mipira ya kuzuia vumbi kwenye ncha za reki ikaguliwe kila gari linapobadilishwa oili. Ikipasuka, vumbi huingia na meno ya reki hulika kwa muda mfupi.